Nyuma ya Risiti ya Saruji

Nyuma ya risiti ya saruji, mifuko kumi na minne,
tumechora pwani yote kwa kalamu ya kuazima:
mstari mmoja uliopinda kama mgongo wa paka,
Tanga juu, Bagamoyo chini,
na doa la chai pale ilipopaswa kuwa Saadani.

Mbwana ndiye mwenye gari, kwa hiyo ndiye mwenye sauti.
"Tutoke alfajiri," asema, "jua litukute tumeshapita Mwahako."
Tatu ataka Tongoni kwanza. Yuko chuo,
anayataka yale makaburi ya mawe na nguzo zake,
apime kwa futi, aandike, apige picha.
Mimi nataka Pangani, milango mizito ya nyumba za kale,
na kuvuka mto hadi Bweni,
gari juu ya kivuko limevutwa breki,
sisi tumeshuka, tumeshika vyuma,
tunajifanya maji hatuyaoni.

Siku mbili tu. Jumatatu Mbwana ana zamu bandarini.
Siku mbili kwa pwani nzima
ni kibaba cha mchele kwa watu wa arusi.
Basi tukaanza kukata.
Amboni tukaikata: mapango ni ya kwetu, hayahami.
Kulala Mkwaja, tukakata.
Kaole tukaiwekea alama ya kuuliza,
maana nayo ina makaburi, na Tatu keshasema
kaburi moja halina maana mpaka ulione na mwenziwe.

Muda wote huo mama anapeta mchele.
Hakuinua uso tulipogombana kuhusu mafuta,
wala Mbwana alipoapa, kwa mara ya tatu, kwamba matairi ni mapya.
Nikamwuliza, "Nawe mama, wapi?"
Akapuliza pumba.
"Tongoni msinishushe.
Makaburi na mimi tutaonana tu, hatuna haraka."
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Akaitaka kalamu.

Mama hajui ramani. Aliutazama ule mstari
kama mshonaji autazamavyo uzi, akitafuta ulipokatikia.
"Kigombe iko wapi hapa?" Nikamwonyesha.
"Mkishaipita. Si mbali. Kuna kona,
mkonge ulikuwa kulia,
na kushoto bahari inachungulia mara moja tu, kisha inajificha.
Hapo ndipo lori la baba yenu lilipokatika ekseli,
wiki ya pili ya ndoa yetu.
Tulilala juu ya marobota, sisi na mbu,
na chungwa moja la Muheza.
Alilimenya gizani, akanipa lote,
akasema yeye kashiba.
Mwongo yule."

Akaweka nukta, ndogo kama punje ya ufuta.
Hapo hapana kibao. Hapana mlinzi wa kukukatia tiketi
wala mzungu wa kuuliza karne.
Na mkonge wenyewe huenda ulishang'olewa,
pakasimama nyumba ya mtu, na uzio, na mbwa.

Hatukusema kitu.
Miaka saba sasa jina la baba tunalibeba humu ndani
kama bakuli la mchuzi lililojaa hadi ukingoni,
kila mtu akipokea kwa mikono miwili.

Mbwana, mwenye gari, mwenye sauti,
akaivuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa:
KIGOMBE MBELE KIDOGO. DAKIKA KUMI.
Mama akasoma polepole, kwa kidole.
Akafuta kumi.
Hakuweka namba nyingine.

Sasa imebaki kununua machungwa,
kuazima jeki, maana ya Mbwana imeliwa na kutu,
na kumpigia mtu wa Pangani atuambie
kivuko cha kwanza ni saa ngapi.
Mama amerudi kwenye ungo wake.
Kaole bado ina alama ya kuuliza.